Ghorofa Isiyohesabiwa

Nyumbani kwa Mama,
Kijiji cha Shuipo,
Changhua.
11 Machi 2023

Mpendwa Mama Mdogo A-hiong,

Shikamoo Mama Mdogo. Goti linasemaje? Mama aliniambia kwamba tangu Mwaka Mpya unashuka ngazi za duka kwa kukaa, moja moja, kama mtoto anayejifunza. Alikuwa anacheka alipokuwa akinisimulia, halafu akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu bila kupika chochote. Tafadhali tafuta mtu wa kukupandia juu kuchukua maboksi ya vifungo. Na huko Paraguai joto limepungua? Majani ya chai uliyotuma yamefika salama. Mama anayanywa kwa chumvi, usiniulize kwa nini.

Sisi tu wazima. Tsung-hao bado yuko kiwanda cha baiskeli, zamu ya mchana. A-bi ametimiza miaka minne. Mdogo wake, A-tau, ameota meno mawili ya chini, na akinyonya ananing'ata kisha ananitazama aone nitasema nini. Usingizi sina, kwa hiyo ukiona sentensi imekatika katikati, ujue nimeitwa.

Najua umeshangaa kuona anwani ya hapo juu. Ndiyo, tumerudi kwa Mama. Tuko wanne katika chumba kile kilichokuwa chako kabla hujaolewa, kile chenye dirisha la kutazama kisima. Nitakueleza yote, lakini ombi langu nalitanguliza, nisije nikaitwa na mtoto kabla sijalifikia. Mama Mdogo, utakapokuja mwezi ujao kufagia makaburi, usiweke sahihi ya kununua ile nyumba ya Jengo C. Hata wakikupa kalamu nzuri, wakakumiminia chai na kukuita mama, usiweke.

Ningeweza kupiga simu. Nimepiga mara mbili. Mara zote mbili ulianza kunielezea mapazia utakayoshona, na jinsi utakavyosimama dirishani kwako ghorofa ya tano na mimi dirishani kwangu ghorofa ya tano, tupungiane mikono kila asubuhi. Nikashindwa. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha.

Wewe uliondoka shamba la Babu likiwa bado lina mpunga. Sasa ni mwaka wa tisa halijalimwa. Kuna majani na yangeyange tu. Tulipooana, Tsung-hao alitaka kujenga vyumba viwili pembeni mwa shamba, karibu na mfereji, na Mama alikubali. Tukaenda ofisini. Wakatuambia ardhi ya mpunga ni ya mpunga, hata kama mpunga wenyewe umeshasahau njia ya kuja. Basi tukaomba kuongeza chumba kwenye nyumba ya zamani. Hapo nako hapana, nyumba imesimama juu ya ardhi ile ile. Mama aliezeka mabati manne juu ya pale anapofulia. Wakaja kupiga picha, na baada ya wiki mbili wakaja kuyabomoa. Walikuwa na adabu sana, walivua viatu.

Kisha kikafunguliwa kipande kimoja tu kando ya barabara kuu, kikaruhusiwa maghorofa, na kampuni moja ikakinunua chote. Vijana wote wa vijiji vitatu wanaotaka pa kulala na wake zao ilibidi wapitie hapo. Mlango ukiwa mmoja, mwenye mlango ndiye hutaja bei. Tulikuwa wengi kuliko nyumba, ikachezeshwa bahati nasibu. Jina letu likatoka. Wasichana niliosoma nao walilia pale kwenye maegesho ya magari, na mimi nikaona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo.

Tulinunua kitu ambacho hakikuwapo bado. Kilikuwa mfano mdogo juu ya meza, na miti ya sifongo, na mwanamke wa plastiki urefu wa ukucha akisukuma kigari cha mtoto. Nilimtazama nikasema moyoni, yule ni mimi. Sasa nikimkumbuka naona kwamba hakuwa na uso.

Hisani waliyotufanyia, walisema, ni kwamba jengo zima halina nne. Hujasahau, naamini, kwamba kwetu nne na kifo vinatamkwa karibu sawa. Kwenye lifti unabonyeza moja, mbili, tatu, kisha tano. Kwenye ngazi vilevile: kibao cha tatu, kisha cha tano. Hakuna mtu anayelala kwenye namba mbaya. Tulishukuru. Hata bei ilipanda kidogo kwa ajili ya shukrani hiyo.

Siku ya kuhamia, Mama alichagua tarehe kwenye kalenda, tukatanguliza chungu cha mchele, kisha Tsung-hao akasimama mlangoni na nanasi. Tulivingirisha nanasi ndani kama ilivyo desturi, sote tukipaza sauti kwamba baraka inakuja. Kawaida nanasi linapiga hatua mbili tatu kisha linalala ubavu, na unalisukuma kwa mguu. La kwetu halikulala. Lilikwenda polepole, likiyumba na majani yake, likapita meza, likafika katikati ya sebule chini kabisa ya taa. Likazunguka mara moja mahali pale, likatulia.

"Bahati ina haraka kuliko mimi," Tsung-hao alisema. Watu wote wakacheka. Mama peke yake hakucheka. Aliliokota nanasi, akalirudisha mlangoni, akaliachia tena bila kulisukuma. Likaenda pale pale.

Baadaye A-bi alifanya mchezo wa jambo hilo kwa mpira wake mwekundu. Anauweka kizingitini, anauacha, anahesabu hadi ufike chini ya taa. Pale mahali alipaita kitovu cha nyumba. Mwanzoni mpira ulifika akiwa amehesabu kumi. Nikadhani anahesabu polepole.

(Nimerudi. A-tau aliamka, alikuwa amejigonga kwenye kitanda chako cha zamani. Bado kina ile kona kali.)

Jambo la pili lilitoka chekechea. Mwalimu wake aliniita akaniambia, "Mama A-bi, mtoto anahesabu vizuri hadi ishirini, lakini nne hana."

"Hana vipi?"

"Hana. Anatoka tatu anaingia tano. Nikimwonyesha vidole vinne anasema ni tano ndogo."

Nilicheka hapo, nikaacha kucheka njiani. Nilipomuuliza A-bi ana miaka mingapi, alisema mitatu imekwisha na mitano bado. Sasa uko wapi hapa katikati, nikamuuliza. Jioni ile tulipokuwa tunapanda ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imekwama tena, akasimama kati ya kibao cha tatu na cha tano.

"Mama, watu wa nne wanapitia wapi?"

"Hakuna watu wa nne, mwanangu."

"Sasa nani anabisha?"

Maana kulikuwa na mbisho. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Ulianza mwezi wa nane, saa za mchana, watoto wakiwa wamelala na jengo zima limenyamaza. Si mbisho wa nyundo. Ni kama mtu anabisha hodi kwa kidole kimoja, mara mbili, kisha anasubiri. Kisha mara moja, kama aliyeghairi. Ulitoka chini ya sakafu yangu. Nikajua ni Mzee Kang wa ghorofa ya tatu, mjane, anaishi peke yake na redio. Nikavumilia. Nikatandika zulia ili A-bi asimsumbue. Nikawa natembea kwa soksi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikachukua ufagio nikateremka. Nikamkuta Mzee Kang anapanda, naye ana ufagio. Tukasimama kati ya kibao cha tatu na cha tano tukitazamana.

"Binti yangu," akasema, "mimi nawapenda watoto, lakini huyo wako anagonga dari yangu tangu miezi mitatu."

"Mzee, mimi nimekuja kukuomba wewe uache."

"Mimi? Mimi na mgongo huu nipande juu ya nini nigonge dari?"

"Mtoto yuko shule. Mdogo analala."

"Basi nani?"

Tukiwa tumesimama hivyo hivyo, kukabishwa. Mara mbili. Ukimya. Mara moja. Mbisho ulitoka juu ya kwake na chini ya kwangu, Mama Mdogo, mahali ambapo kwa vibao vya jengo hapapo. Mzee Kang alishika mkono wangu bila kuomba radhi. Akasema kwa sauti ndogo, "Tusiseme." Tukaagana kila mtu na ufagio wake, na kwa wiki nzima hatukusema.

Kutosema ni desturi ya mahali pale. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi ni Mwalimu Chiu wa ghorofa ya nane, mwalimu mstaafu, mama mpole ambaye akikuta mtoto yeyote kwenye lifti anamfuta kamasi kwa leso yake. Ameuza nyumba ya marehemu mumewe aje pale. Mwaka jana, kwenye kikao, mama mmoja alisema ameona ufa jikoni. Mwalimu Chiu akamwambia, "Hapa hatuna nyufa, mwanangu. Tuna mistari ya rangi. Rangi ikikauka huchora mistari." Kisha akatutazama sote. "Ukuta una masikio, lakini bei ina masikio makubwa zaidi. Neno moja likitoka hapa, tumeshuka sote." Tangu siku ile kila mtu alisema mstari. Hata mimi. Nilimwambia Tsung-hao mstari wa chumbani umerefuka, na tukaendelea kula.

Mwaka Mpya tulizunguka kuamkiana mlango kwa mlango. Unajua zile karatasi nyekundu za baraka, tunabandika mlangoni au juu ya mlango. Kwa jirani wa kushoto nikaona moja imebandikwa chini, karibu na sakafu, nyuma ya kochi. Kwa wa kulia ilikuwa imesimama wima kwenye kona, ndefu kama mkanda. Kwa wale wa ghorofa ya sita zilikuwa sita, zimefuatana ukutani zikipanda kuelekea dari kama nyayo za kitu. Tulikunywa chai tukasifia maandishi. Niliporudi kwangu nikatazama karatasi zangu mwenyewe. Sikukumbuka siku nilipozibandika, lakini niliona nilikuwa nimezibandika pale pale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba kwa karatasi.

Mwezi wa pili mpira wa A-bi ulianza kufika kitovuni akiwa amehesabu sita. Nikahesabu mwenyewe. Sita. Wiki iliyofuata, tano. Milango ya chumba ikawa inafunguka yenyewe tukiwa mezani, polepole, kama inayotaka kusikiliza. Tsung-hao akatia kipande cha boksi chini ya mlango, akasema nyumba mpya lazima ijinyooshe, hata yeye akiamka hujinyoosha. Nikamwambia anayejinyoosha hurudi.

Nilimwita Baba Mdogo A-sui, yule wa upande wa mume wangu, aliyefunga nondo kwenye majengo miaka thelathini hadi vidole vikapinda. Alikuja adhuhuri na kijiti chembamba. Akaanza kugonga vigae kimoja kimoja, sikio limeinamishwa kama daktari. Kandokando sauti ilikuwa nzito. Alivyosogea katikati ikawa nyepesi, nyepesi zaidi, hadi chini ya taa ikawa kama kugonga kibuyu. Akagonga pale mara mbili, akasubiri.

Kukajibiwa mara moja.

Nikaona nywele za mkono wake zimesimama. Lakini mzee yule hakukimbia. Akaniomba uzi. Akaufunga ukutani chini kabisa, akauvuta hadi ukuta wa pili ukakaza kama waya, akapiga magoti chini ya taa na kuingiza vidole kati ya uzi na sakafu. Kimoja, viwili, vitatu. Akanitazama. Akaingiza na cha nne.

"Hapa ni ghorofa ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya tano, Baba Mdogo. Umeona kibao."

"Sijauliza kibao. Nenda chini ukahesabu."

Nilitoka nje na A-tau mgongoni, nikasimama barabarani nikahesabu madirisha kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Dirisha langu, lenye shuka za A-bi, lilikuwa linafuata. Nilikuwa nimeishi pale mwaka mzima na miezi na sikuwahi kulihesabu.

Niliporudi juu, Baba Mdogo alikuwa ameshapiga simu kwa nyapara aliyesimamia nondo za jengo lile, mtu waliyefanya kazi pamoja zamani. Akaiweka simu mezani nisikie.

"Wee mzee, bado hujafa?" sauti ikasema.

"Nakungoja wewe utangulie. Sikiliza, Bustani ya Fanaka, Jengo B. Nondo za ghorofa ya nne mlizipokea lini?"

Yule mtu akacheka. "Umelewa mchana. Jengo lile halina ghorofa ya nne."

"Mchoro wa mhandisi unayo."

Kicheko kikaisha. Tukasikia pikipiki zikipita huko aliko, nyingi. Kisha akasema, "Ile ilikuwa mvua."

Akatueleza, na mimi nakueleza kwa ufupi kama nilivyoelewa. Mhandisi alichora kwa hesabu ya kweli: moja, mbili, tatu, nne. Kampuni iliuza kwa hesabu ya bahati. Msichana wa ofisini aliyekuwa akiagiza nondo aliona kwenye orodha mstari wa nne. Yeye alijua jengo halina nne, vipeperushi vyote alivichapa yeye. Akaona ni kosa, tena kosa lenye nuksi, litawaletea mafundi mabaya. Akaufuta. Aliufuta kwa moyo mzuri, Mama Mdogo, hilo ndilo linaloniumiza. Zikaja nondo za tatu, kisha zikaja za tano. Pale katikati mafundi walingoja siku moja, mawingu yakawa mazito, gari la zege likawa limeshafika na linazunguka. Wakafunga mabaki ya tatu, moja hapa moja kule, wakamwaga. Kila mtu alidhani mwenzake anajua.

"Na Jengo C?" Baba Mdogo akauliza.

"Orodha ni ile ile," akasema yule mtu, akakata simu.

Sasa umeelewa kwa nini nimeandika. Ile ya tano uliyoichagua, yenye dirisha la kutazama dirisha langu, ndiyo ile ile. Na wewe unajua nchi yetu, ardhi huku haikai mwezi bila kujitikisa. Kila ilipotikisika kidogo, taa ikayumba, nilikuwa naangalia kitovu kile huku nimewashika watoto wawili, na nilikuwa nahisi kinashuka kama mtu anayeinama kusikiliza.

Kikao kilikuwa Jumapili iliyopita, saa nane mchana, pale chini penye sofa za wageni. Ajenda ilikuwa maua ya lango. Mwalimu Chiu alipouliza kama kuna lingine, nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanitoka. Tulizoea kujitambulisha kwa jina na ghorofa, basi nikaanzia hapo.

"Mimi ni Yunju," nikasema. "Ninaishi ghorofa ya nne."

Mama mmoja aliziba masikio ya mwanawe. Mwingine akasema, "Wee, usitutajie hapa, tuna watoto." Nikasema tena. Nikawaeleza uzi na vidole na simu. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wanatazama juu, darini.

"Mwanangu," akasema Mwalimu Chiu, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ilinikata. "Unajua unachotufanyia? Mimi sina pengine. Nimebakiwa na hiyo tu."

"Najua, Mwalimu. Na yangu imo humo humo. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimeuza, na atakayenunua atalala na watoto wake pale ninapoogopa kulaza wa kwangu."

"Ungesubiri hata kiangazi."

"Mpira unafika kwa tano, Mwalimu."

Hakuelewa, na sikumfafanulia. Nyuma kabisa Mzee Kang akajiinua kwa fimbo. "Mimi ni Kang," akasema. "Ninaishi chini ya ghorofa ya nne. Huwa inanibishia hodi." Akakaa. Baadhi wakacheka, kile kicheko cha watu wenye hofu. Kisha yule baba wa ghorofa ya sita, mwenye karatasi sita, akasema bila kusimama kwamba asubuhi ile karatasi moja ilikuwa imedondoka yenyewe, na alipotaka kuirudisha, kidole chake kiliingia ukutani. Familia kumi na moja ziliweka sahihi kuomba wahandisi wa wilaya. Wengine waliondoka bila kuaga.

Wahandisi walikuja Alhamisi. Hawakukaa nusu saa. Waliamuru watu wa kuanzia ya tatu hadi ya sita tutoke, wa juu zaidi wangoje vipimo, na sebuleni kwa Mzee Kang wakasimamisha nguzo za chuma, nyingi, huwezi kuona redio ilipo. Kabla ya kwenda kwa mwanawe aliniambia amepata wajukuu wembamba wengi kwa siku moja. Wengine wanasema mbisho ulikuwa zege tu likipasuka ndani kwa ndani. Inawezekana. Mimi sijui zege husubirije kujibiwa.

Lakini Jengo C linaendelea kuuzwa. Kampuni inasema B ni B na C ni C. Bango lipo barabarani, jipya: ghorofa ya tano zimebaki chache.

Mwalimu Chiu hajanisalimu. Siku tunabeba vitu alisimama kwenye lifti nasi kutoka chini, akatazama namba. Tulipotoka akamfuta A-bi kamasi kwa leso yake, akaendelea kupanda.

Nilipanda mara ya mwisho na A-bi kuchukua chungu cha mchele. Nyumba ilikuwa tupu, jua limejaa hadi ukutani. Aliweka mpira kizingitini kabla sijamkataza, akauachia. "Moja," akasema, "mbili, tatu," na kabla hajafungua mdomo tena ulikuwa umeshafika chini ya taa. Haukuzunguka. Ulitulia hapo hapo kama umeshikwa. A-bi akataka kuufuata. Nikamshika shingo ya nguo, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na fulana ikachanika. Tukauacha.

Nimemnunulia mwingine wa kijani. Jana mchana aliuweka kizingitini pa chumba chako, juu ya saruji ile ya Babu yenye alama ya kwato za mbuzi, akauachia. Akaanza kuhesabu. Nilikuwa nakunja nepi, nikaacha. Moja, mbili, tatu. Akasimama. Akanitazama. Nikamwonyesha vidole vyangu, nikasema naye, nne. Akarudia, nne, kama anaonja chakula kipya. Akaendelea tano, sita, hadi ishirini, akarudi mwanzo, na kila alipofika pale alipunguza sauti kisha akalitamka. Mpira haukwenda popote. Alingoja mpaka uji wake ukapoa.

Mama Mdogo, chumba ni kimoja na tuko wanne, na Mama ana chake. Sheria hairuhusu kuongeza hata bati. Lakini sakafu hii haina siri. Njoo ulale nasi, tutabanana. Mapazia yako yatatosha dirisha la kisima. Wakikupigia kuhusu sahihi, waulize swali moja tu: nondo za ghorofa ya nne zilifika lini? Wakikuambia haipo, kata simu.

Nisalimie Mjomba Tek-seng, mwambie asinyanyue maboksi na yeye. Wasalimie binamu zangu wawili na yule mkwe wako anayepika vizuri. Mama anakusalimu, anasema umrudishie mkufu wake. Tsung-hao na A-tau wanakusalimu. A-bi ameniomba nikuandikie kwamba ana miaka minne. Amenitazama hadi nimeiandika.

Wazee wetu walio kilimani wakulinde njiani, na kila mahali utakapokanyaga pakubebe.

Wako akupendaye daima,

Yunju,
aliyekuwa wa ghorofa ya nne.